Mimba ya Mgongoni

Fundo la kikwembe ndilo lililomwambia Nkandu kwanza. Ncha mbili za kitambaa hicho, zilizozoea kukizunguka kiuno chake na kubakisha ziada, sasa zilikuwa hazikutani. Tumbo lilipanda, mikono ikakonda, na kila jioni homa ilimrudia kama mgeni mwenye ufunguo.

Mama mukubwa Marie-Thérèse, aliyemlea, aliona mimba, hakungoja. Alifunga geti. Bombani marufuku, sokoni marufuku, hata misa. Israël, jirani muuza mkaa, alikuwa amembebea ndoo mara moja tu, hilo lilitosha kumfanya mwenye mimba. Jumapili Nkandu angepelekwa kwa kina Israël akae kama mke.

Homa ilipozidi wakaenda hospitali. Echo, kipimo cha kumwangalia mtoto tumboni, ilionyesha maji, mtoto hakuonekana.

"Mutoto iko mu mugongo," mama mukubwa akamwambia daktari. "Iko najificha."

Daktari alisisitiza apigwe picha ya skana.

Mlangoni pa chumba cha skana, fundi Paulin aliuliza swali ambalo huwauliza wanawake wote: "Uko na mimba?"

"Iko nayo," mama mukubwa akadakia.

Paulin akaacha vitufe. "Kama iko nayo, mashine siwashi. Miale inaumiza mutoto."

"Basi turudi kwetu."

Nkandu alielewa. Nje lilimngoja geti, na baada yake geti la kina Israël.

"Mie naulizaka mugonjwa, mama," Paulin akasema. "Si musemaji wake." Akamgeukia Nkandu. "Yaya, weye unasema nini?"

Nkandu akatikisa kichwa. Paulin akatazama kipimo cha mkojo cha asubuhi ile, hakikuonyesha mimba, akampisha.

Kitanda kikamwingiza ndani ya duara. "Shika pumuzi," sauti ikasema. Kazi hiyo aliijua. Tangu geti lifungwe alikuwa hajapumua vizuri.

Baadaye daktari aliwaonyesha picha. "Haya ni maji. Utando wa ndani ya tumbo umenenepa, na tezi hizi zimevimba, katikati zimeanza kuoza. Inafanana sana na kifua kikuu cha tumbo. Tutavuta maji kidogo tuhakikishe. Dawa ziko, atapona."

Mama mukubwa alitafuta kiti kwa mkono, kama kipofu.

"Nkandu, mwanangu, sababu gani haukusema?"

Nkandu alilishika fundo la kikwembe. Maneno yalikuwa yamekaa chini ya ulimi muda wote ule.

"Haukuniuliza, mama mukubwa, hata siku moja. Sijalala na mwanaume. Nilikuwa nakufa nyuma ya geti yako."