Hapana ya Kwanza

Kitendawili! Sema tega, nami nakutegea: kwetu nikisema sitaki, nashiba, ng'ambo nikisema sitaki, nalala njaa. Ni nini hicho? Hujui? Usinipe mji bado, kaa nao tu. Jibu liko njiani linakuja.

Palikuwa na mabinti wawili, mmoja mtoto wa mama mkubwa, mwingine mtoto wa mama mdogo. Kwa hiyo ni dada, na dada hahesabiwi nusu. Mkubwa walimpa jina la Sindano, kwa wembamba wake na kwa mkono wake unavyopita kwenye ngozi. Mdogo wakamwita Chiriku, na ukikaa naye hata kidogo huulizi kwa nini.

Wote wawili walisomea ushonaji wa viatu, na chuo kikawapeleka, wao na wenzao, nchi ya mbali kujifunza kwenye karakana ya fundi mkuu mmoja. Waliambiwa mapema: kati yenu atabakizwa mmoja, afundishwe kukitoa kiatu kizima kwenye ngozi tupu.

Sindano aliitaka nafasi hiyo mpaka ikamkosesha usingizi. Baba yake alikuwa fundi wa viraka kando ya barabara, mwenye kuponya viatu vya watu huku vyake vikicheka midomo wazi. Siku ya kuagana Sindano alimwambia, "Baba, nikirudi nakupima mguu, nakushonea kipya."

"Mguu upi, mwanangu? Hili ni gome la mti," baba akasema, lakini aliutazama mguu wake kwa muda.

Kule ng'ambo wale dada wawili walilala kwa mjane mmoja. Jioni ya kwanza, Sindano akiwa anaoga, mwalimu wao alipita mlangoni akazungumza na Chiriku, akaenda zake. Kisha wakaketi mezani. Mjane akauliza, "Nikuongeze?"

Sindano, mtoto aliyelelewa akaleleka, akasema, "Hapana, asante, nimeshiba." Akainamisha macho akisubiri kubembelezwa. Mjane akasema, "Haya," akaondoa sufuria. Chiriku alikuwa kwenye sahani ya pili, mashavu yamejaa.

Walipolala Sindano akanong'ona, "Mbona hakunibembeleza?"

"Chakula kilikuwa kidogo."

"Na wewe ulivyofakamia je?"

"Mimi nina vidonda vya tumbo, nisipokula naanguka, mje mnibebe. Wewe endelea hivyo hivyo, dada. Wanakusifu, wanasema una adabu."

"Wanasema?"

"Wanasema."

Sindano akageukia ukuta, tumbo likiunguruma, moyo umeshiba.

Karakanani alijionea mambo. Hakuna aliyeuliza umeamkaje, na nyumbani hawajambo. Fundi mkuu akiona mshono mbovu anaufumua mbele ya watu wote, kisha anaendelea na kazi kama mtu aliyeomba chumvi. Mara ya kwanza Sindano alilengwalengwa na machozi. Baadaye akamwona mzee yule akifumua mshono wake mwenyewe, mbele ya watu wale wale, akaanza kuelewa kwamba kule kusemwa si kutukanwa. Laiti angeelewa na lile lililobaki.

Siku ya kuchagua ikafika. Fundi mkuu alichukua kiatu cha Sindano, akakikunja, akakivuta, akakinusa. Akamtazama. "Nafasi ni moja. Unaitaka?"

"Ndiyo" ilimfika Sindano ncha ya ulimi. Lakini mtoto wa watu hanyakui kitu mkononi mwa mkubwa. Anakataa kwanza, akisisitizwa ndipo anapokea kwa mikono miwili. Akasema, "Hapana, mzee wangu. Wenzangu wapo." Mikono akaiweka tayari.

Fundi mkuu akatikisa kichwa polepole, akakirudisha kiatu mezani, akamgeukia aliyefuata. "Wewe je?"

"Naitaka," akasema Chiriku, hata pumzi hajavuta.

Wakapeana mkono. Ikawa imekwisha.

Mwalimu alimvuta Sindano pembeni. "Mwanangu, umerogwa? Si nilimtuma mwenzako siku ya kwanza akwambie? Huku hawaulizi mara mbili. Hapana yako ni hapana."

Sasa jibu la kitendawili unalo, mji wako kaa nao. Na Sindano alilipata hapo hapo, likamkwama kooni kama mwiba wa samaki.

Alimkimbilia fundi mkuu. "Mzee, naitaka. Naitaka sana."

Mzee aliweka nyundo chini. Uso wake haukuwa mkali. "Ulisema hapana, nami nikaliheshimu neno lako. Sasa nimempa mwenzako neno langu. Nilichukue vipi?"  Mtu baki alikuwa ameliheshimu neno la Sindano kuliko dada yake mwenyewe.

Akamkuta Chiriku anafagia vipande vya ngozi. "Chiriku, mwalimu alikutuma neno kwangu?"

"Hee, tazama hili vumbi! Sogea, litakuingia machoni."

Jioni, nyumbani kwa mjane, Sindano anafunga mizigo, Chiriku anatandika kitanda ambacho sasa ni chake peke yake. "Mwalimu alikutuma neno kwangu?"

"Dada, umechoka. Na mbona kiatu chako hukifungi, unamwachia nani?" Akacheka, akacheka peke yake.

Asubuhi basi lilisimama mlangoni. Wenzake walishapanda. Chiriku alimbebea dada yake begi mpaka kwenye ngazi, jambo ambalo hajawahi kulifanya, akataka kumkumbatia. Sindano alirudi nyuma hatua moja. Kwetu swali la kweli huulizwa mara tatu.

"Yule mzee wa viraka ni baba yako mkubwa. Alikushonea wewe viatu vya shule kabla ya vyangu. Nakuuliza mara ya mwisho, Chiriku. Mwalimu alikutuma neno kwangu?"

Dereva akapiga honi. Chiriku akaliweka begi chini. Mdomo ule usiojua kufunga ulifunguka, ukafunga, ukafunguka tena.

"Alinituma," akasema. "Na nilijua utaulizwa wewe kwanza."