Mstari wa Kwanza wa Faili la Bibi Klara

Nianze na sifa zake, nisije nikaonekana mwenye chuki. Dokta Fanueli alinifundisha kazi. Nilipofika kwenye kituo chetu kidogo cha utafiti wa maharage, juu ya Lushoto mjini, nilikuwa na cheti na woga, basi. Yeye ndiye aliyeketi nami wiki nzima akinifungulia faili moja baada ya jingine. Hili la FASTQ, alisema, ni ghafi, limetoka mashineni: herufi za vinasaba, A, C, G na T, na chini yake alama zinazoonyesha mashine ina uhakika kiasi gani na kila herufi. Haliguswi. Hili la FASTA limeshasafishwa: mstari wa kwanza una alama ya kubwa kuliko na jina la sampuli, halafu herufi tupu. Na hili la CSV ni jedwali la kawaida tu, sampuli namba fulani ilitoka kwa nani, kijiji gani.

"Yote ni maandishi, Modesta," alisema akicheka. "Hata simu yako inayafungua. Usiyaogope."

Nikaacha kuyaogopa, mjinga mimi.

Sampuli namba saba niliileta mwenyewe kutoka Vuga, kwa Shangazi Dorothea. Ni maharage madogo ya zambarau ambayo ugonjwa wa kutu ya majani hauyapati hata mvua ikinyesha mwezi mzima. Aliyahifadhi na majivu kwenye kibuyu juu ya meko, kama mama yake, Bibi Klara, alivyofanya. Nyumbani kwetu mbegu haitoki bila kutajwa ilikotoka. Anayepewa analirudia jina, na akimgawia mwingine, naye analirudia. Shangazi alininyima mara mbili. Mara ya tatu akanimiminia kiganjani.

"Liandikwe jina la mama," alisema. "Sitaki kingine."

Nikalirudia jina mbele yake. Ofisini nikaliandika kwenye mstari wa kwanza wa faili: Klara_Vuga. Nilijisikia mtu wa maana siku hiyo.

Jumatatu iliyopita Dokta akaniagiza nichapishe viambatisho vya maombi ya kusajili mbegu mpya inayostahimili kutu. Mgunduzi: Fanueli. Faili lilikuwa moja, na mstari wake wa kwanza ulisomeka FN07_Soko_Mazinde. Mazinde! Kule chini barabarani, kwenye joto, ambako maharage yale yangenyauka kabla ya kutoa ua. Nikalichukua faili ghafi la namba saba, nikalisafisha upya, nikayalinganisha yote mawili. Herufi kwa herufi, hakuna hata moja iliyotofautiana.

Nilimwendea na karatasi mkononi. Hata hakushtuka.

"Herufi hazijaguswa," alisema. "Sayansi iko palepale."

"Na jina la bibi yangu, Dokta?"

"Jina ni maelezo tu. Ukiandika la mtu, utadaiwa saini yake, na kesho ukoo mzima uko mlangoni. Mbegu ya kununua sokoni haina mwenyewe." Akanitazama kwa huruma, ndiyo, kwa huruma. "Utakomaa, Modesta."

Nikamwambia nitaonyesha jedwali la CSV, lenye jina la shangazi na kijiji chake. Akauliza liko wapi. Hapo ndipo nilipoelewa. Mwezi wa tatu aliniambia nifute nakala yangu, tulinde faragha ya wakulima, naye angetunza moja peke yake. Nilifuta huku nikimsifu kwa uangalifu wake. Faili ghafi ninalo, lakini ndani yake kuna namba ya mashine na namba ya sampuli tu. Hakuna jina la mtu.

Ilibaki njia moja: mbegu mpya kutoka kibuyu kilekile, safari hii na saini ya shangazi, zipimwe upya kabla maombi hayajapita. Jumamosi nikaenda Vuga.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba, mwanangu. Mbona uso huo?"

Nilimweleza yote, sikuficha kitu. Alisikiliza akiwa amekunja mikono kwenye kanga.

"Jina la mama uliliandika wapi?"

"Mstari wa kwanza, shangazi. Juu kabisa."

"Na mtu anaweza kulifuta?"

"Mtu yeyote. Ni maandishi tu."

"Nawe ulijua hivyo wakati unaniomba?"

Ningeweza kumtupia Dokta lawama zote. Nilikuwa nimezipanga njia nzima. Lakini swali halikumhusu yeye.

"Nilijua, shangazi."

Hakunigombeza. Aliingia jikoni. Nilisikia kibuyu kikiteremshwa, nikatoa bahasha ya sampuli na kalamu nikaviweka tayari mezani. Kisha nikasikia sufuria, na kuni zikichochewa. Nilingoja zaidi ya saa mbili.

Alirudi na sahani. Maharage madogo ya zambarau, yamechemshwa, yametiwa chumvi.

"Kula, mwanangu," alisema. "Mimi chakula sitakunyima kamwe."

Nilikula. Alisimama palepale mpaka nikamaliza, akaichukua sahani, akaitazama vizuri kama nimebakiza hata punje moja, ndipo akaagana nami.