Makaburi Mawili ya Mama Mmoja

Mama Cherehani alikuwa hajafa, lakini tayari alikuwa na makaburi mawili. Daktari alimwambia tu kwamba Jumatatu atapasuliwa uvimbe wa tumboni, na kwa umri wake lolote linaweza kutokea. Wanawe walishika hilo neno "lolote", mengine yakawapita. Mkubwa, wa mume wa kwanza, mtu wa safu ya mbele msikitini, akaenda kumwekea nafasi kwenye makaburi ya Waislamu. Mdogo, wa mume wa pili, mzee wa kanisa na mwanakwaya sugu, akamwekea ng'ambo ya ukuta, kwa Wakristo. Kila mmoja alikwenda kimyakimya, na mchimbaji, ambaye ni huyohuyo kwa pande zote, akawauliza kama mama yao atazikwa nusu nusu.

Ndiyo maana Jumamosi hiyo walikuwa wamebanana kwenye kochi la chumba cha kushonea, magoti yakigonga meza ya kukatia, wakimtaka mama achague. Tatizo ni kwamba alikuwa amesilimu kwa baba wa mmoja na kubatizwa kwa baba wa mwingine, na mara zote mbili kwa moyo mweupe. Tangu awe mjane tena, alisali peke yake huku akikanyaga cherehani, kwa maneno aliyookoteza huku na huku, na hakuna siku sala yake ilirudishwa kwa kukosewa anwani.

Kila mtoto alikuja na kitambaa cheupe, mmoja cha sanda, mwingine cha kushonea gauni la kuzikiwa. Mama alivisugua kwa kidole gumba, akasema vimekatwa kutoka jora moja. Wakakataa katakata, na mkubwa akakisogeza chake mbali kidogo.

Basi wakaanza kumuuzia pepo. Mkubwa alieleza malaika wawili watakaomhoji kaburini, ufufuo, mizani, daraja, kisha mito ya maziwa na asali. Mdogo akasema kwake hakuna kuhojiwa kaburini, kuna neema tu. Kisha naye akaleta ufufuo, akaleta hukumu, akamalizia na barabara za dhahabu na kuimba milele. Mama, aliyemsikia mwanawe huyo akiimba tangu utotoni, alizidi kukanyaga cherehani. Ungedhani ni wauza nyanya wawili waliochuma shamba moja, na kila mmoja anaapa za mwenzake zimeoza.

Aliuliza huko atakuwa mke wa nani. Mdogo akasema mbinguni hawaoi wala hawaolewi, na jibu hilo lilimkuna mama kwelikweli. Mkubwa akadakia kwamba wapo wanazuoni wanaosema mke ni wa mume wa mwisho, kisha akakumbuka mume wa mwisho ni nani, akakohoa, akarudi haraka kwenye mito ya maziwa.

Fundi Saa, mpangaji wa chumba cha mbele, Myahudi, alikuwa ameingia kuomba uzi. Wakamvuta naye. Akasema kwao ufufuo upo, lakini ya huko wazee wao walikuwa bado wanayajadili, na hajamwona aliyekuwa na haraka ya kwenda kuhakikisha.

Mama akatoa mguu kwenye cherehani.

"Mtoto mchanga asiyesomewa dua wala kubatizwa, anakwenda wapi?"

Mkubwa akasema yuko peponi, analelewa na Nabii Ibrahimu. Mdogo akamtazama kaka yake kwa mshangao, akasema hata yeye angesema kifuani pa Ibrahimu. Fundi Saa akasema taratibu kwamba Ibrahimu huyo ni baba wa Wayahudi pia.

Ndipo mama akawaambia jambo ambalo hakuwahi kumwambia mtu. Kati ya ndoa zile mbili alizaa binti. Aliishi siku mbili, akafa bila jina, na wauguzi wakamzika nyuma ya hospitali ya zamani kabla hajatokea mtu wa kumwombea.

"Kufa siogopi," akasema. "Naogopa mtanipeleka upande ambao yeye hayupo."

Kwa muda mfupi nyumba ile ilikuwa na dini moja. Kisha mdogo akaanza kuhesabu miezi kwa vidole. Mkubwa akamwona, naye akaanza vyake.

"Mama," mkubwa akauliza, "huyo mtoto alikuwa wa upande wetu au wa kwao?"

Fundi Saa aliinamisha kichwa kwa aibu isiyokuwa yake. Mama aliwatazama wanawe, watu wazima wenye mvi.

"Nikifa, nizikeni nyuma ya hospitali."

"Kule hakuna Mwislamu," mkubwa akasema.

"Wala Mkristo," mdogo akasema. "Kule kuna nani, mama?"

"Kuna dada yenu."