Mguu wa Eneida

Jumapili asubuhi Evelio alifika na winchi, mnyororo na tabasamu. Eneida alilichukia lile tabasamu kuliko winchi. Alikuwa ameketi kizingitini, kikombe cha kahawa mkononi, na mbele yake limeegeshwa lile Plymouth la kijani la mwaka hamsini na moja aliloachiwa na marehemu mumewe, Nicasio. Evelio alikuwa mdogo wake Nicasio. Tangu matanga yaishe hakuwa na wimbo mwingine: injini ya petroli imechoka, ing'olewe, iwekwe ya dizeli ya trekta, na gari aliendeshe yeye.

"Shemeji, mimi nakuonea huruma tu," alisema, akitua mnyororo. "Hilo ukilikanyagia mafuta linazubaa. Utafika nalo wapi?"

"Huruma yako kaipikie supu," Eneida akamjibu.

Lakini kuzubaa, kweli lilikuwa linazubaa. Likiwa limesimama liliunguruma vizuri, na likishachanganya mwendo halikuwa na neno. Shida ilikuwa pale unapokanyaga ghafla, kwenye kona au mlimani: lilikata pumzi, likashtuka, ndipo likakumbuka kazi yake. Enzi za Nicasio, Eneida alipewa usukani mara chache, na kila gari liliposhtuka mumewe alicheka mpaka machozi. "Mke wangu ana mguu wa kuponda mihogo!" aliwatangazia wacheza domino wa mtaani, na mji mzima wa Santiago ukapata habari. Basi Eneida akahamishiwa upande wa abiria, na huko akakaa miaka kumi na minane na aibu yake. Hata sasa, mjane, aliamini kosa ni la mguu wake.

Hata hivyo alikuwa amekwisha kumwambia Evelio mbele ya watu: likipanda mlima wa Quintero bila kushtuka, injini haiguswi. Evelio alikubali huku akicheka, mjinga yule, na leo alikuja kuchukua ushindi wake.

Eneida, aliyezoea kuwashikia mafundi taa, akafungua boneti. Wacheza domino wakaacha mchezo na kusogea, kila mmoja daktari.

"Hizo plagi, bibie," alisema mzee Chicho, ambaye maishani mwake hajamiliki hata baiskeli yenye breki.

"Plagi zikifa linamisi hata likiwa limesimama. Umelisikia likimisi?"

"Basi chujio la petroli limeziba."

"Chujio likiziba, gari litakufa likiwa mbioni. Hili linazubaa pale pale unapokanyaga, likishapita hapo linakwenda. Chicho, rudi ukacheze domino, huko angalau unashindwa kimya kimya."

Watu wakacheka. Eneida akaondoa chujio la hewa, akainama juu ya koo la kabureta, injini ikiwa imezimwa, akauvuta kwa mkono ule waya wa kukanyagia mafuta. Hapo ndani ilipaswa kuruka petroli, mruko mwembamba, ule wa kulisukuma gari likianza kukaza mwendo. Palikuwa pakavu. Akavuta tena. Hata tone.

Akafungua mfuniko wa kabureta, akachomoa kijiti cha pampu. Kwenye ncha yake hukaa kikofia cha ngozi, ndicho kinachoisukuma ile petroli. Hakikuwepo. Pembeni mwa chuma palibaki ukingo mdogo tu wa ngozi, na Eneida akaugeuza juani akauangalia kwa muda. Yeye alikuwa mshona makubadhi. Ngozi iliyochakaa huchanika na kutoa nyuzi. Hii ilikuwa imekatwa, mzunguko mzima, kwa wembe.

Evelio akachungulia juu ya bega lake. "Lo! Kwani Nicasio hakuirudisha?"

Mdomo wake ulikuwa umemtangulia. Aliufumba, lakini wapi, wameshasikia wote.

"Kurudisha nini, shemeji?"

"Aa, si ile miaka ya shida. Petroli haipatikani, wengi tuliikata ngozi hiyo ili gari linywe kidogo. Ukikanyaga taratibu halishtuki, Nicasio alijua kulibembeleza."

"Na mguu wangu?"

Evelio akautazama mnyororo wake. "Alikuwa anatania tu. Alisema ukizoea kuendesha, kila siku utakuwa Holguín kwa dada yako."

Eneida hakulia. Alikuwa amemlilia mtu huyo mwaka mzima, amemvalia nyeusi, amemwashia mishumaa. Kumbe mwanamume mzima, na sauti yake na sharubu zake, alikuwa akiuogopa mguu wa mkewe! Alijisikia kinyaa, kinyaa kitupu, na hakukuwa na huzuni tena ya kuchanganya nacho.

Akaingia ndani. Chini ya kitanda vilikaa viatu vya Nicasio vya Jumapili, vyeusi, ambavyo hakuacha kuving'arisha. Akachukua kisu chake cha kazi, akakata ulimi wa kiatu cha kulia. Akauchonga duara, akauloweka kwenye mafuta, akaufinyanga juu ya ncha ya kidole mpaka ukashika umbo, akatoka nje na viatu mkononi. Alipoufunga mahali pake na kuvuta waya, petroli iliruka hadi ikamgusa kidevu.

Akaketi kwenye usukani. Evelio alikimbilia mlango wa pili. "Ngoja nikusindikize, shemeji, ule mlima si mchezo."

"Kiti kina mtu," Eneida akasema, akavitua hapo vile viatu.

Chini ya Quintero alisimamisha gari kabisa, kwa makusudi. Akatia gia, akaachia klachi, akakanyaga kwa nguvu zote za mguu wake wa kuponda mihogo. Plymouth halikuzubaa. Lilipanda likinguruma, na mbwa wakaliachia njia.

Juu kabisa palikuwa na mahali pa kugeuzia, na chini mtaani Evelio alikuwa akingoja na winchi yake. Eneida hakugeuza. Mbele kulikuwa na barabara ya Holguín.

"Kaa hapo hapo," akaviambia vile viatu, "na sitaki neno."