Kiema Alikula Kithitu Kwa TV

Hii kitu nataka kukuambia hutaamini, na mimi mwenyewe nilikuwa hapo na simu mkononi. Ndugu yangu Kiema karibu achomwe hapa Masii, mchana, Jumapili, watu wametoka kanisani na nguo safi, juu ya kipindi cha TV.

Kipindi chenyewe kinaitwa Kesi ya Mnada. Kuna mfanyabiashara wa ng'ombe ameuawa, polisi wanatafuta nani. Walikuja kurekodi huku kwetu, na dairekta akasema hataki waigizaji wa Nairobi, anataka watu wa hapa, na majina yao wenyewe, ndio ikae ukweli. Wa kuuawa akawa Isse, huyo huyo Isse mwenye huuza ng'ombe mnadani. Rafiki yake mwenye anashukiwa akawa Kiema wetu. Polisi wakishindwa, wazee wanaamua Kiema ale kithitu.

Kama wewe si Mkamba, nikuelezee haraka. Kithitu ni kiapo, na kukila ni kuapa, si kutafuna. Ukikila na unadanganya, hakikuui wewe peke yako, kinaanza na watoto wa ukoo wenu kikipanda. Huku mtu anaweza kushika Biblia kortini adanganye vizuri kabisa, lakini mwambie twende kithitu uone venye shamba ya watu inarudishwa mbio.

Na mwenye alimlisha Kiema hicho kiapo kwa kipindi ni baba yetu mkubwa, Mzee Mbithi, na hiyo ndiyo kazi yake hata TV ikiwa imezimwa. Alikuja na pembe imefungwa kwa ngozi, hiyo ndiyo kithitu chenyewe. Kiema akaigonga na kijiti, machozi yakimtoka, akasema kwa Kikamba, "Kama ni mimi nilimwaga damu ya Isse, hii kitu inimalize mimi na watu wetu." Nchi nzima ikamhurumia. Halafu Ijumaa sehemu ya mwisho ikaonyeshwa, na muuaji ni nani? Kiema. Hata yeye hakuwa anajua. Dairekta alirekodi miisho tofauti tofauti, akaficha atatumia gani.

Jumapili ilikuwa marudio. Bucha ya Musili, yenye iko na hoteli na TV, ilijaa mpaka watu wakakalia kreti za soda. Nilikuwa napita nikirekodi maoni ya watu niweke kwa page yangu. Kwa TV panga ilishuka, Isse akalala kwa mchanga, damu kila mahali. Isse mwenyewe alikuwa meza ya mbele anakunywa chai.

"Hiyo ni uongo," Nthambi, mama wa mboga, akasema nikimrekodi. "Muuaji ako na macho yake. Kiema ako na macho ya ndama."

"Na ndama imekuchinja," mtu akamwambia Isse.

"Mimi ni maiti," Isse akasema. "Maiti haina maoni. Niongezeeni chai."

Watu wakacheka. Musili akaelekeza kisu kwa TV. "Mimi nilijua kitambo. Mtu akilia matanga ya rafiki mpaka kamasi ifike kidevuni, huyo ameua."

Hata Kiema alikuwa anacheka, ameegemea mlango, wasichana wakimwangalia. Ndio katekista wetu, Aloys, akauliza polepole, "Lakini si alikula kithitu?"

TV ikabaki ikiongea peke yake.

"Ilikuwa kuigiza, Aloys," nikasema.

"Jina ni lake. Mdomo ni wake. Mlishaji ni Mbithi. Kuigiza iko wapi hapo?"

"Wakati nilikula sikuwa najua kama nimeua," Kiema akasema.

Aki hiyo ndiyo ilikuwa makosa. Watu walianza kuangaliana. "Kwa hivyo sasa unajua umeua," mtu akasema huko nyuma, na hakuna mtu alicheka.

Hapo ndipo Mulwa aliingia. Mulwa ni kijana wa Mzee Mbithi, tumelelewa boma moja. Mtoto wake alishikwa na degedege Ijumaa, kipindi kikiisha, na tangu hiyo siku alikuwa hospitali Machakos hajafungua macho. Mulwa hakusalimia mtu. Aliinua stuli ya Musili akampiga nayo Kiema usoni. Nilisikia meno. Kiema akaanguka juu ya meza, akapigwa tena mgongoni, na tena, stuli ikavunjika, Mulwa akaendelea na mguu wa stuli.

"Mtoto wangu anakufa," alikuwa anasema. "Mtoto wangu anakufa na wewe unachekelea TV."

Nilifikiri watu watamshika. Walimsaidia. Watu wa ukoo wetu, wenye wako na watoto nyumbani, walikuwa wanamkanyaga Kiema na viatu vya kanisa.

Isse alisimama juu ya kiti. "Wacheni. Hiyo pembe ni ya ng'ombe yangu. Nilimuuzia Musili, ikachinjwa, na Mzee Mbithi akaiokota hapo nje kwa mifupa. Nilimwona na macho yangu."

Watu wote wakageukia kona. Mzee Mbithi alikuwa ameketi hapo na sahani yake.

"Baba mkubwa," nikamwambia, "sema tu. Sema ilikuwa pembe ya bucha."

Watu humletea kesi za mashamba kutoka Mwala mpaka Tala. Akisema aliokota pembe kwa mifupa, nani atamletea kesi tena? Alipangusa vidole kimoja kimoja.

"Mimi sichezi na kithitu," akasema.

Mulwa alilia kama mnyama. Isse akavunjiwa chupa kichwani, akashuka chini na damu ya ukweli sasa, na Kiema akavutwa nje kwa miguu, kichwa kikigonga ngazi. Huko nje mtu alikuwa tayari anatoa tairi kwa mkokoteni wa punda. Mwingine akamtuma mtu wa boda boda petroli. Nilimrukia huyo wa tairi nikamng'ata mkono, akanirusha kando.

"Ngojeni." Ni Mzee Mbithi, ametoka. "Iko njia. Mtu wa tumbo moja na yeye amkate kwa ukoo. Amvunje mfupa mbele ya watu, aseme huyu si wetu. Kithitu kitabaki na yeye pekee."

"Hiyo sijawahi kusikia," Aloys akasema.

"Wewe unajua mambo ya kanisa. Nyamaza."

Mpaka leo sijui kama ni kitu ya wazee wa kitambo ama aliitunga hapo kwa barabara. Mulwa alinisukumia mpini wa jembe. Kiema alikuwa amelala kwa vumbi, jicho moja limefunga. Alinyoosha mkono wake wa kulia pole pole, akauweka juu ya jiwe.

"Ndila," akasema. "Piga."

"Siwezi."

"Piga kabla petroli ifike."

Nikapiga. "Anampapasa," mtu akasema. Pikipiki ilikuwa inarudi, niliisikia kwa kona. Nikainua huo mpini juu kabisa nikapiga na mwili wangu wote, na mfupa ukalia kama muwa ukivunjwa kwa goti. Kiema alitoa sauti sitaki kuielezea.

"Huyu si wetu," nikasema.

Watu waliachilia. Hivyo tu. Wakaanza kupangusa viatu, kuulizana mama fulani ameenda wapi. Mulwa alikaa chini akaweka kichwa kwa magoti.

Kiema ako Tala kwa shangazi, na chuma kwa mkono. Mtoto wa Mulwa aliamka Jumatatu. Daktari anasema ilikuwa malaria na dawa ilifanya kazi, lakini nani anamsikiliza daktari? Mzee Mbithi ako na kesi nyingi kuliko zamani. Nilimwendea nikamwambia, sasa mtoto amepona, tangaza hiyo pembe ilitoka wapi, ndio Kiema arudi.

"Nikitangaza," akasema, "itakuwa ulimvunja ndugu yako bure. Unataka hivyo?"

Mwaitu naye anaamini. Mama yangu, mwenye alimzaa, ametoa nguo za Kiema nje na hataki asikie akitajwa ndani ya nyumba. Jana Kiema alinipigia, anataka kujua kama anaweza kukuja Krismasi. Nilimwambia network ni mbaya, nikakata.

Sasa wewe mwenye unasoma, niambie ukweli. Ungekuwa umeshika huo mpini, ndugu yako amelala hapo, na unasikia pikipiki ikikuja, ungefanya nini?