Sahani Isiyoota Kitu

Sahani ilikuwa nyeupe pee, haikuota hata doa moja, na Nasirumbi aliona aibu kuitazama.

"Safi!" alisema Bwana Ofwono, mkuu wa maabara yao ndogo ya Tororo, akiiinua kwenye mwanga wa dirisha. "Dakika tano, vijidudu vyote chali. Dawa imefaulu." Akatia sahihi kwenye fomu.

Nasirumbi alijua vingine. Dakika hazikuwa tano.

Jana yake alikuwa ametia vijidudu ndani ya dawa ile ya kusafishia, akabonyeza saa, ndipo akamsikia mwanawe Bwire analia getini. Wifi yake Mildred humleta anyonye kila siku, ila siku hiyo mtoto aliwahi, meno yanamsumbua. "Dakika mbili tu," Nasirumbi alijiambia, blauzi imeshalowa. Lakini mtoto akinyonya, nani ahesabu? Aliporudi, saa ilikuwa imelia mpaka ikanyamaza. Dakika ishirini na mbili zimekwenda. Kanuni ilikuwa kumwaga yote, kuotesha vijidudu vingine, kuanza upya. Mwenye dawa naye, anayetaka kuiuza, kila asubuhi yuko kwenye simu: bado, bado? Nasirumbi akachukua tone, akalitia katika chupa ya pili ili kuzima makali ya dawa, akalipaka kwenye sahani. Kwenye fomu akaandika: dakika 5.

Wiki chache baadaye, Jumatatu, Mildred alikuja getini anacheka, Bwire mgongoni.

"Wifi, umekuwa mtu mkubwa! Dawa yako imefika kituo cha afya, kule kwetu Dabani. Mdogo wangu Caro ameiona kliniki. Nasikia ndiyo wanapangusia kitanda cha kuzalia."

"Caro bado hajajifungua?"

"Wiki hii hii. Haki, wenzako wanafuga kuku, wewe unafuga vijidudu, na vinakupa jina!"

Nasirumbi akacheka nusu mdomo. Bwire alizaliwa juu ya kitanda kama hicho. Alikijua. Mmoja anashuka, mwenzake anaugulia mlangoni, nesi anapitisha kitambaa mara moja, basi, panda mama. Nani wa kungoja dakika ishirini? Alipompokea mwanawe akaona kitovu chake kilivyopona vizuri, akawaza vitovu vibichi vya watoto wa wenzake.

Mchana huo akaotesha vijidudu vipya. Kesho yake akamwomba Mildred ampe mtoto uji, asimlete mpaka saa saba. Akapima mabaki ya dawa ile ile mara mbili: dakika tano, kisha dakika ishirini na mbili. Safari hii hakubanduka kitini. Maziwa yalimuuma, akaacha yaume.

Jumatano asubuhi akafungua kabati la joto. Sahani ya dakika ishirini na mbili ilikuwa nyeupe. Ile ya dakika tano ilikuwa imejaa madoa, kana kwamba mtu ameimwagia punje za wimbi.

Akazipeleka zote mbili mezani kwa Ofwono, akamweleza bila kuficha hata kile kilio cha getini. Mzee akaziinua moja moja kwenye mwanga wa dirisha.

"Hizi ungezitupa, mimi ningejua?"

"Usingejua, mzee."

"Kijidudu hakijui kwamba wewe ni mama wa mtu."

"Najua. Ndiyo maana nimekuja."

Mzee akaichana ile fomu aliyotia sahihi, halafu akamsukumia simu. "Mwenye dawa niachie mimi. Kituo waambie wewe. Mkono uliopima ni wako."

Nesi wa Dabani aliitikia kwa haraka, kama mtu aliyeshika mambo mawili.

"Sista, napiga kutoka maabara Tororo. Ile dawa ya dumu la bluu msiitumie. Haiui kwa dakika tano. Mimi ndiye niliyeandika kwamba inaua. Nilikosea, na nilijua."

"Ngoja hapo hapo, nilitoe hilo dumu nje kwanza. Kuna mama anaingia sasa hivi, kitanda nitakisugua kwa jiki."

Simu ikawekwa mezani bila kukatwa. Nyuma yake kitoto cha mtu kikaanza kulia, kilio chembamba cha siku ya kwanza, na maziwa ya Nasirumbi yakashuka yenyewe. Hakuondoka. Akaibana simu sikioni, akangoja nesi arudi.