Ng'ombe Aliyeitwa Suwa

Suwa, kiungo cha majani cha Wahindi, huoshwa mara nyingi kuliko mboga nyingine, maana ni jani jembamba na linaficha mchanga. Ndelilio aliiosha, akaikung'uta dirishani, akaikatakata. Vijiti alivitia kwenye choroko iliyokuwa ikichemka. Majani aliyaweka kando ya viazi, ili ayatie mwishoni, sufuria ikikaribia kuepuliwa, harufu isije ikapotea. Jiko hilo lilikuwa Moshi mjini, nyuma ya duka la bati na misumari, na mwenye jiko alikuwa Kusumben, mke wa Mhindi mwenye duka. Ulikuwa mwaka 1963. Ndelilio alikuwa ametoka kujifungua juzijuzi tu. Kwa desturi ya kwao Mwika alipaswa kuwa ndani, amejifunika, analetewa mtori na mlaso wa damu na maziwa mpaka miezi mitatu iishe. Badala yake alikuwa amesimama, anapika mboga ya watu.

Ilikuwa hivi. Kusumben alijifungua mtoto wa kiume, Kirit, na maziwa yakagoma kutoka. Ndelilio alijifungua mtoto wa kike, Aikande, na maziwa yakajaa. Eliufoo, mume wa Ndelilio, alikuwa anajenga nyumba na amekwama kwenye kuezeka. Wanaume wawili walizungumza dukani, wakaelewana upesi, na lori lililomshusha Ndelilio mjini ndilo lililopandisha mabati mlimani. Aikande akabaki kwa bibi yake, Margareta, analishwa uji wa ndizi. Ndelilio hakuulizwa na mtu, jambo ambalo lingemuudhi hata mtu mpole, na Ndelilio alikuwa mtu mpole.

Kusumben hakuwa mbaya. Kwao mzazi hulishwa suwa, naye alimlisha Ndelilio suwa kwenye choroko, suwa kwenye chapati, na mbegu za suwa kwenye maji ya moto.

"Kula sana, Ndelilio," alimwambia. "Kwetu, mzazi lazima kula suwa."

Maziwa yakazidi kuja. Kirit alinyonya titi la kushoto, akashiba, akalala. La kulia lilikuwa kavu, kwa sababu maziwa yake yalikuwa yanatokea Mwika.

Yalitokea kwenye bati. Kila Ndelilio alipokatakata suwa mjini, paa jipya la Eliufoo lilianza kudondosha maziwa, jua likiwa kali na mlima ukiwa hauna wingu. Siku ya kwanza Margareta alitoka na beseni, akalitega chini ya ukingo wa paa. Lilipojaa alichovya kidole, akaonja.

"Ni mazuri," alimwambia mwanawe. "Ila yananuka Kihindi."

Akampa ndama.

Ndama huyo alinenepa, manyoya yakang'aa, akawa ananukia suwa kuanzia puani mpaka mkiani. Majirani waliokuja kuazima moto walimsifu. Walimwita Suwa, jina ambalo Eliufoo alilisikia dukani siku alipofuata misumari. Mlangoni, karibu na ndama, Aikande alikalishwa kwenye ngozi na kibakuli chake cha uji. Alikuwa mwembamba, lakini hakuwa mgonjwa.

Krismasi ile Ndelilio aliruhusiwa kwenda nyumbani siku moja. Alimkuta Margareta anaanika beseni.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Karibu. Bati lako lina maziwa."

"Mama, hayo ni ya mtoto."

"Ya mtoto yanatoka kifuani," alisema Margareta. "Hayatoki kwenye bati."

Ndelilio alimtazama mumewe. Eliufoo alikuwa ametazama juu, anaangalia jinsi misumari ilivyokaa. Alilipenda sana lile paa. Ndelilio alimnyonyesha Aikande siku nzima, titi la kushoto, na jioni akarudi mjini akilia kwenye lori waziwazi, bila kujificha. Tangu siku hiyo alianza kukata suwa hata isipotakiwa. Aliikata saa zile ambazo mtoto huwa na njaa, akitumaini kwamba siku moja beseni litakwenda kwa mtoto. Kusumben alikula suwa mpaka akachoka nayo, lakini hakumkataza. Kule Mwika, ndama akawa mtamba, mtamba akawa ng'ombe.

Kirit aliachishwa kunyonya, na Ndelilio akaomba kurudi kwake. Eliufoo alisema jiko nalo linataka bati. Baada ya jiko likaja banda la ng'ombe, na baada ya banda choo. Eliufoo alikuwa mtu wa kuezeka, na kila alichoezeka kilimweka mkewe mjini msimu mwingine.

Mwaka 1971 serikali ilichukua majumba, na nyumba ya duka ikawemo. Kusumben alifunga mizigo kimyakimya. Siku ya kuondoka alimfungia Ndelilio mbegu za suwa kwenye kona ya leso, wakashikana mikono mlangoni, kisha kila mmoja akaenda upande wake.

Ndelilio alipofika uani Mwika, ng'ombe alikata kamba. Alimjia mbio kati ya migomba, akaweka kichwa kifuani pake na kulia kilio cha ndama aliyetengwa na mama yake. Aikande alitoka ndani, msichana mkubwa sasa, mwenye adabu.

"Shikamoo, dada," alisema. Kisha akageuka. "Mama! Dada wa mjini amekuja."

Margareta akaitika, maana ndiye aliyekuwa anaitwa.

Siku hiyohiyo bati liliacha kudondosha. Ndelilio alipanda suwa mpakani, kando ya ua wa masale, ikaota vizuri. Aliitia kwenye maharage, akaitia kwenye ndizi nyama. Eliufoo alikula na kuomba tena. Aikande alizoa vijani kwa ncha ya kijiko, akavipanga pembezoni mwa sahani. Ndelilio alimzoesha polepole, kama mtu mwenye muda, na muda ukapita. Ikaja miaka ya foleni, sabuni ikawa adimu, na bado msichana alimwita dada. Hakumwita hivyo kwa ubaya. Alikuwa na mama mmoja na alimpenda.

Margareta alifariki mwaka 1983. Mwaka uliofuata Aikande, aliyekuwa ameolewa kule chini kwenye mashamba ya miwa, alijifungua mtoto wa kiume. Mumewe aliishi chumba kimoja na wenzake watatu, kwa hiyo alimpandisha Mwika alelewe uzazi. Hapakuwa na mwingine wa kumlea isipokuwa Ndelilio. Moyo wa Ndelilio ulidunda kwa furaha hata akaona aibu. Miezi mitatu, ndani, na binti yake.

Maziwa ya Aikande yaligoma. Ndelilio alipika mtori, ndizi zikapondeka, akatia suwa mwishoni.

"Mama angekuwepo angenipa mlaso," alisema Aikande. Lakini alikula, kwa sababu mtoto alikuwa analia.

Maziwa yakaja, kushoto na kulia. Mtoto akanyonya. Ndelilio alirudi jikoni kukata suwa ya sufuria ya jioni, na aliporudi ndani alikuta bati linadondosha maziwa, juu ya mto wa Aikande hasa. Tone moja lilikuwa limemwangukia kwenye mdomo.

Aikande alilifuta kwa kanga.

"Dada, bati linavuja. Mwambie baba alizibe."

"Hayo ni maziwa," alisema Ndelilio. "Ni yako. Yalikuwa yako tangu zamani."

Aikande alinusa ile kanga.

"Yananuka yule ng'ombe," alisema, akamsogeza mtoto ukutani.

Eliufoo alikuwa na lami kidogo, aliyopewa na watengeneza barabara. Akaipasha moto kwenye kopo. Alikuwa mzee, magoti hayakuwa yake tena, na ngazi ilikuwa inacheza, kwa hiyo Ndelilio alimshikia. Alishikilia mpaka tundu likazibwa na Eliufoo akashuka.

"Tayari," alisema Eliufoo, akirudi nyuma kulitazama paa lake. "Bado ni bati zima kabisa."

Ndelilio alinawa lami mikononi, akapita uani kwenda jikoni. Bandani, ng'ombe mzee asiye na meno alisikia nyayo zake, akaita. Ndelilio akaitika.